Saratani ya mlango wa kizazi: Jinsi protini zilizotia nanga kwenye utando wa seli zinavyozuia ukuaji wa ovyo

Mwezi Aprili mwaka 2011, Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuanzisha mpango wa taifa zima wa kuwachanja wasichana dhidi ya kirusi cha papiloma, kijulikanacho kwa kifupi kama HPV. Kirusi hicho ndicho chanzo cha takriban visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi.

Katika mitaa ya Kigali kama Rwezamenyo, Nyamirambo na Biryogo, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, athari ya uamuzi huo inaweza kuonekana ndani ya nyumba moja. Binti aliyekuwa darasa la sita mwaka ule sasa ni mwanamke aliyetimiza au kukaribia umri wa kulea familia yake mwenyewe, naye alipata chanjo. Mama yake hakuipata, kwa kuwa ilifika akiwa ameshavuka umri uliolengwa.

Kwa nini sindano iliyomkinga binti haiwezi kumponya mama ambaye tayari anabeba kirusi? Na kwa nini wahudumu wa afya wanamsihi mama huyo afanyiwe uchunguzi hata kama hasikii maumivu yoyote? Majibu ya maswali haya mawili yamo ndani ya seli zetu, na sehemu yake muhimu inahusu protini chache ambazo kazi yake ni kukaa pembezoni mwa seli na kuizuia isikue kupita kiasi.

Seli huambiwaje kwamba imetosha?

Ngozi ya mwili na ngozi laini inayofunika kinywa, koo na mlango wa kizazi zimeundwa kwa seli zilizopangwa kwa matabaka. Seli za tabaka la chini kabisa ndizo zinazogawanyika. Zile zinazozaliwa hupanda juu taratibu, huacha kugawanyika, hukomaa, na mwishowe hubanduka na kudondoka. Nyingine huchukua nafasi yake. Mzunguko huo huendelea maisha yote bila mtu kuuhisi.

Ili mpangilio huo usivurugike, kila seli inapaswa kujua mambo mawili: upande upi ni juu na upi ni chini, na kama majirani zake wapo karibu. Seli iliyobanana na wenzake haina sababu ya kugawanyika. Seli iliyo kando ya jeraha, ambayo upande mmoja hauna jirani, huruhusiwa kugawanyika hadi pengo lizibwe, kisha hutulia.

Habari hizo hupitia kwenye utando, yaani ngozi nyembamba ya mafuta inayoizunguka kila seli. Utando huo umejaa protini za aina nyingi. Zipo zinazopokea ujumbe kutoka nje na kuiamrisha seli ikue. Zipo pia zinazofanya kazi ya kinyume, ya kuizuia. Hizi za pili hazina sifa kubwa katika vitabu vya shule, lakini zikikosekana, matokeo yake ni uvimbe.

Somo kutoka kwa inzi wa matunda

Elimu ya protini hizi ilianzia kwa mdudu ambaye kila mwenye ndizi mbivu jikoni anamfahamu: inzi mdogo wa matunda. Katika miaka ya 1960 na 1970, watafiti, akiwemo Elisabeth Gateff, walichunguza mabuu wa inzi hao waliokuwa na hitilafu ya kurithi. Mabuu hao hawakugeuka kuwa inzi kamili. Badala yake waliendelea kuwa mabuu kwa muda mrefu kupita kawaida, huku seli zilizopaswa kuunda mbawa na miguu zikirundikana na kuwa mabonge yasiyo na umbo.

Ndani ya buu, seli hizo za mbawa na miguu hukaa kwenye visahani vidogo. Jeni moja ikiharibika, visahani hivyo huvimba na kuwa vikubwa mno. Ndiyo sababu jeni hiyo ikapewa jina linalomaanisha visahani vikubwa, ambalo hufupishwa DLG. Mwaka 1991 watafiti Daniel Woods na Peter Bryant walieleza muundo wake na kuonyesha kwamba protini inayotokana nayo hukaa kwenye maungio, pale ambapo seli moja inagusana na nyingine.

Mwaka 2000 David Bilder na Norbert Perrimon, wakifanya kazi nchini Marekani, walieleza protini nyingine ya kundi hilohilo iitwayo Scribble, kwa kifupi SCRIB. Walionyesha kwamba SCRIB, DLG na protini ya tatu hushirikiana. Moja ikiondoka, seli hupoteza mwelekeo wa juu na chini, na wakati huohuo hupoteza breki ya ukuaji. Kwa maneno mengine, mpangilio wa seli na nidhamu ya kukua vimefungwa pamoja.

Binadamu naye anazo protini hizo. Zimebadilika kidogo sana tangu enzi za babu wa pamoja wa mtu na inzi, jambo linaloashiria kwamba viumbe haviwezi kuishi vizuri bila hizo.

Nanga ya mafuta

SCRIB ni protini kubwa, yenye viungo zaidi ya 1,600 vya asidi za amino vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Yenyewe haipenyi utando kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hukaa upande wa ndani, ikiwa imejishikiza.

Inajishikiza vipi? Mwaka 2016 kundi la watafiti nchini Marekani lilieleza katika jarida la Nature Chemical Biology kwamba seli huipachika SCRIB mkia wa mafuta, na mkia huo ndio unaozama kwenye utando na kuishikilia protini mahali pake, kama nanga inavyoishikilia ngalawa. Mafuta yenyewe ni asidi ya palmitiki, ambayo imepata jina lake kutokana na mti wa mchikichi, kwa kuwa hupatikana kwa wingi katika mafuta ya mawese. Hata hivyo, mwili hujitengenezea asidi hiyo wenyewe. 

Watafiti hao walipozuia mkia wa mafuta usipachikwe, SCRIB iliendelea kutengenezwa, lakini ilitangatanga ndani ya seli na kushindwa kuzuia ukuaji. Hili ni jambo la kuzingatia. Kwa protini za aina hii, kuwepo peke yake hakutoshi, ni lazima iwe mahali pake. Jiwe la mpaka wa shamba likitupwa katikati ya shamba bado ni jiwe lilelile, lakini halizuii tena ugomvi wa majirani.

Je, ikiwa mahali pake hufanya nini? SCRIB ina sehemu kadhaa zinazofanana na vishikizo, na kila kishikizo hukamata protini nyingine. Kazi hiyo ya kuwakutanisha wengine ndiyo nguvu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Padua nchini Italia walionyesha mfano mmoja. SCRIB iliyo kwenye utando huikusanya pamoja protini iitwayo TAZ na protini zinazoidhibiti. TAZ ikiachwa huru huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ukuaji. Ikishikwa kule pembezoni, hutiwa alama ya kemikali na kuzuiwa isiingie. SCRIB inapong'oka kwenye utando, kikao hicho huvunjika, TAZ huponyoka, na amri ya kukua hutolewa pasipo sababu.

Kirusi kinaingiaje katika habari hii?

HPV ni kirusi kidogo mno. Vinasaba vyake vina herufi zipatazo 8,000, ilhali vya binadamu vina takriban bilioni tatu. Zipo aina zaidi ya 200 za kirusi hiki. Baadhi husababisha vigwaruguru visivyo na hatari kubwa mikononi na miguuni. Aina zipatazo 12 hadi 14 ndizo zinazohusishwa na saratani, na mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Aina hizo mbili zilitambuliwa mwaka 1983 na 1984 na kundi la mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008.

Kirusi hupenya kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana na kuingia katika seli za tabaka la chini. Hapo hukutana na tatizo. Kinahitaji mitambo ya seli ya kunakili vinasaba, lakini seli zinazopanda juu huzima mitambo hiyo kwa sababu zimekwisha kuacha kugawanyika. Ili kizaliane, kirusi hulazimika kuishawishi seli isiache. Saratani si lengo lake, ni ajali inayotokana na ushawishi huo.

Silaha zake kuu ni protini mbili ndogo, E6 na E7. Mwaka 1989 ilibainika kwamba E7 huikamata protini ya kiini cha seli iitwayo RB, ambayo ni breki ya mgawanyiko. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba E6 huiangamiza p53, protini inayoiamuru seli yenye vinasaba vilivyoharibika isimame au ijiue. Namna inavyoiangamiza ni ya hila: E6 haina meno yake yenyewe. Hutumia mtambo wa seli wa kuteketeza protini zilizochakaa, ikiibandika p53 alama ya takataka ilhali bado ni nzima.

Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba mapigo hayo mawili yanatosha kueleza kila kitu. Kisha mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yakatangaza kwamba E6 ya aina hatari za HPV huikamata pia DLG. Miaka miwili baadaye ikaonyeshwa kwamba huipeleka kuteketezwa. Mwaka 2000 SCRIB nayo ikaongezwa kwenye orodha ya wahanga.

Viungo vinne vya mwisho

E6 ina viungo takriban 150 tu. Vinne vya mwisho, mkiani kabisa, ndivyo vinavyoingia katika vishikizo vya DLG na SCRIB, kama ufunguo kwenye kufuli.

Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba mkia huo unapatikana katika aina za HPV zinazosababisha saratani. Aina ya 6 na ya 11, ambazo huleta vigwaruguru vya sehemu za siri lakini ni nadra kuleta saratani, hazina. Zaidi ya hapo, kirusi cha HTLV-1, ambacho husababisha aina ya saratani ya damu na hakina undugu wowote na HPV, nacho kina protini inayoikamata DLG kwa mkia wa namna hiyohiyo. Wezi wawili wasiojuana wakienda kwenye mlango uleule, mwenye nyumba anapaswa kujiuliza kuna nini nyuma ya mlango huo.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa panya. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani waliwalinganisha panya waliopandikizwa E6 kamili na wale waliopandikizwa E6 iliyokatwa mkia. Kwa panya wa kundi la kwanza, ngozi ilinenepa kwa seli kuzidiana. Kwa kundi la pili, hali hiyo haikutokea, ingawa E6 yao ilikuwa na uwezo uleule wa kuishambulia p53.

Kwa wanawake pia, vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kadiri vidonda vya mlango wa kizazi vinavyopiga hatua kuelekea saratani, ndivyo DLG na SCRIB zinavyopungua au kuhama kutoka pembezoni mwa seli. Katika hatua hiyo seli husahau juu na chini, huacha kuheshimu majirani, na huanza kupenya mahali pasipo pake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hapa adui hakuleta jeshi kutoka nje, aliwageuza walinzi wa ndani kuwa taka.

Kwa nini huchukua miaka mingi?

Habari njema ni kwamba watu wengi wanaoambukizwa HPV hawapati saratani. Kinga ya mwili hukishinda kirusi, kwa kawaida ndani ya miaka miwili. Ni pale kinapong'ang'ania ndipo hatari huanza, na hata hapo seli huhitaji kukusanya hitilafu nyingine nyingi kabla ya kuwa saratani kamili. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20.

Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI bila matibabu, muda huo unaweza kufupika hadi miaka mitano au kumi. WHO inakadiria kwamba wanawake wanaoishi na VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko wasio na VVU. Katika kanda yetu, ambako wengi wa wanawake hao sasa wanaishi maisha marefu kwa msaada wa dawa, takwimu hiyo si ya kupuuzwa.

Ugonjwa huu unaua. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa nao, na takriban 350,000 walifariki, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini urefu wa safari yake ndio udhaifu wake. Ugonjwa unaohitaji miaka 15 kukomaa unatoa nafasi nyingi za kuunasa njiani.

Chanjo inafanya nini, na haifanyi nini?

Chanjo ya HPV imetengenezwa kwa protini ya gamba la nje la kirusi, iitwayo L1. Protini hizo hujipanga zenyewe na kuunda mfano wa kirusi usio na vinasaba ndani. Haziwezi kumwambukiza mtu wala kuzaliana, wala hazina E6 au E7. Mwili unapoziona hutengeneza kingamwili, na kirusi halisi kinapokuja hudakwa nje ya seli kabla hakijaingia.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mama na binti. Kirusi kikishaingia ndani ya seli ya tabaka la chini, gamba lake huvuliwa. Kinachobaki ni vinasaba vinavyotoa E6 na E7, na kingamwili zinazolitafuta gamba hazina cha kukamata. Chanjo ni kufuli la mlangoni. Mwizi akiwa amekwisha kuingia, kufuli halimtoi. Ndiyo sababu WHO inalenga kwanza wasichana wa umri wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza maisha ya ndoa.

Hakuna pia dawa iliyoidhinishwa ya kuizuia E6 isiziangushe DLG na SCRIB. Watafiti wanaendelea kuitafuta, lakini kwa sasa kinga na uchunguzi ndizo silaha zilizopo.

Uamuzi wa Rwanda na walioupinga

Uamuzi wa Rwanda wa mwaka 2011 haukupokelewa kwa shangwe kila mahali. Chanjo ilikuwa ghali, na dozi za miaka mitatu ya mwanzo zilitolewa kama msaada na kampuni ya Merck inayoitengeneza. Mwaka huohuo, watafiti kadhaa wa Ujerumani waliandika katika jarida la The Lancet wakihoji kama nchi yenye kipato kidogo ilipaswa kuanza na HPV, ilhali magonjwa mengine yanayozuilika kwa chanjo bado yapo, na kama msaada huo ulikuwa kwa maslahi ya wananchi au ya soko. Wakuu wa afya wa Rwanda, akiwemo Dkt. Agnes Binagwaho aliyekuwa waziri wa afya kuanzia mwaka huo, walijibu kwamba watoto wa Rwanda walikuwa tayari wanapata chanjo nyingine kwa kiwango cha juu, na kwamba wanawake wa Afrika hawapaswi kusubiri miongo kadhaa kupata kile ambacho wenzao wa nchi tajiri wamekwisha kupata.

Matokeo ya mwaka wa kwanza yalikuwa asilimia 93 ya wasichana waliolengwa kukamilisha dozi tatu zilizotakiwa wakati ule. Siri haikuwa teknolojia. Wasichana wa darasa la sita walichanjwa shuleni, na wahudumu wa afya wa jamii waliwatafuta majumbani wale ambao hawakuwa shuleni siku hiyo. Baadaye wasichana wa sekondari nao walifikiwa. Tangu mwaka 2014, muungano wa chanjo wa Gavi umekuwa ukisaidia kugharimia mpango huo.

Watafiti waliorudi baadaye kupima mkojo wa wanafunzi nchini Rwanda, mara ya kwanza mwaka 2013 na 2014 na mara ya pili mwaka 2017, waligundua kwamba maambukizi ya aina za HPV zinazolengwa na chanjo yalikuwa yamepungua.

Mchango wa Kenya na Tanzania

Dozi tatu ni mzigo kwa bajeti na kwa mwalimu anayepaswa kumtafuta mtoto yuleyule mara tatu. Swali la kama dozi moja ingetosha lilijibiwa kwa sehemu kubwa katika kanda hii.

Nchini Kenya, utafiti uliozishirikisha Thika, Nairobi na Kisumu uliwahusisha wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba baada ya miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18 kwa takriban asilimia 97.5. Mwanza nchini Tanzania, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu, na karibu wote waliopata dozi moja walitengeneza kingamwili dhidi ya aina hizo mbili.

Desemba mwaka 2022, WHO ilitangaza kwamba dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana na wanawake wa miaka 9 hadi 20. Wenye upungufu wa kinga, wakiwemo wanaoishi na VVU, bado wanashauriwa kupata dozi mbili au tatu.

Vipi kuhusu akina mama?

Mpango wa dunia uliozinduliwa na WHO mwezi Novemba 2020 una malengo matatu ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wakitimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha kuaminika wakitimiza miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Mapema mwaka 2025, Rwanda ilitangaza kwamba inataka kuyafikia malengo hayo mwaka 2027, miaka mitatu kabla ya wengine.

Lengo la kwanza nchi hiyo imekwisha kulimudu. Kazi iliyobaki ni lengo la pili, na hili ndilo linalowahusu akina mama wa Rwezamenyo na kwingineko ambao chanjo iliwapita.

Kipimo kinachopendekezwa hutafuta vinasaba vya HPV katika ute wa mlango wa kizazi. Faida yake ni kwamba humtambua mwanamke mwenye kirusi hata kabla seli hazijaanza kubadilika. WHO inakubali pia mwanamke ajichukulie ute huo mwenyewe kwa pamba maalumu, jambo linalopunguza aibu ambayo huwazuia wengi kufika kituoni. Mahali ambapo kipimo hicho hakijafika, mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Sehemu zenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe na kuonekana kwa macho.

Sehemu hizo zikikutwa mapema, huunguzwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, kwa dakika chache, na mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tishu iliyoondolewa ndiyo ile ambayo walinzi wake wa pembezoni walikuwa wanaanza kuanguka.

Saratani ikiwa imekwisha kukomaa, njia huwa ndefu na ya gharama. Kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilifunguliwa mwaka 2012, na tiba ya mionzi inapatikana Kigali, katika Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji mionzi alilazimika kupelekwa nje ya nchi.

Mambo ya kukumbuka

Kukutwa na HPV si sawa na kukutwa na saratani, na hakumaanishi kwamba mwenzi wa ndoa amekosa uaminifu hivi karibuni, kwa sababu kirusi kinaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi.

Aliyechanjwa bado anahitaji kuchunguzwa akifikia umri unaotakiwa, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya HPV yenye hatari.

Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya ukomo wa hedhi ni dalili ya kumpeleka mwanamke kituo cha afya bila kusubiri. Lakini asiye na dalili yoyote ndiye anayefaidika zaidi na uchunguzi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika ugonjwa huu ufa huwa wazi kwa zaidi ya miaka kumi, ukimsubiri mtu wa kuutazama.